Taa Moja ya Samaki

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na saba Juni, saa za chai, pale mpangaji Salima alipoingia uani na simu mkononi na uso wa mtu aliyepishana na msiba njiani.

"Shemeji Teles, hebu acha hiyo baiskeli kidogo."

"Baiskeli ina mwenyewe, anaisubiri. Wewe sema tu, masikio hayajashika spana."

"Ni luku ya umeme. Nimelipia ile ile tuliyochanga jana, yote, sijapunguza hata ya pipi. Uniti zilizorudi ni kama theluthi tu ya zile za kila siku. Nikajua mtandao umekula. Nimepiga simu kuuliza, dada wa watu kaniambia hakuna aliyekula. Nyumba yetu imepandishwa daraja."

"Imepandishwa na nani? Mimi sijaomba cheo."

"Ndivyo alivyosema. Nyumba inayotumia umeme kidogo inauziwa bei ya wanyonge. Ikivuka kiwango, wanaona hawa sasa wanajiweza, wanaihamishia kule kwa wenye nacho. Na sisi tumevuka."

Telesphor aliweka spana chini taratibu. Macho yake yalikwenda yenyewe kwenye dirisha la sebule yake, ambako nyuma ya pazia la kitenge kulikuwa na mwanga wa buluu na mlio mdogo usiokatika, kama nyuki mmoja aliyefungiwa ndani ya kibiriti. Salima naye alitazama huko huko, kisha haraka akatazama kwingine. Lakini Telesphor alijua kwamba jua halitazama kabla nyumba nzima haijageuza shingo upande ule.

Tangi la samaki lilikuwa la mkewe. Theopista alikuwa mtu wa Ikola, mwambao wa Tanganyika, na kaka yake Gervais alipata kuajiriwa na tajiri mmoja aliyekuwa akizamisha vijana ziwani kukamata samaki wa mapambo, wale wadogo wa miambani, na kuwasafirisha ng'ambo ndani ya mifuko ya maji. Siku moja tajiri akafunga biashara bila kuaga, kama ilivyo tabia yao, na mshahara wa mwisho wa Gervais ukalipwa kwa vitu: tangi la kioo, pampu ya hewa, hita ya kuzamisha majini, na samaki sita walioachwa na ndege. Gervais kwake hakukuwa na umeme. Akavipakia juu ya lori la samaki wa migebuka, akamletea dada yake Mpanda.

"Wenzake wanalipwa hela, kaka yangu kalipwa mapambo," Theopista alicheka siku ile hadi akakaa chini. "Haya basi, na tupambike."

Walikuwa samaki weusi tii, na kila mmoja alikuwa na mkanda mpana wa njano kiunoni, kama mama aliyefungwa tumbo kwa kitenge baada ya kujifungua. Chakula chao mchicha uliochemshwa. Theopista, ambaye Mungu hakumjalia mtoto wa kuzaa, aliwalea samaki wale kama mtu anayelea yatima wa ukoo. Enzi zile Mpanda ilikuwa ikitegemea majenereta na umeme ukikatika unapotaka, alikuwa akichukua pampu ya baiskeli ya mumewe, anachomeka mpira ndani ya maji na kuwapulizia hewa mpaka mkono ufe ganzi. Telesphor alikuwa akimcheka. "Mke wangu anajaza upepo samaki," alikuwa akiwaambia wateja. "Ukipata pancha ya kambale mlete hapa."

Sasa hakukuwa na wa kumcheka. Theopista alifariki Agosti ya mwaka jana, kwenye benchi la zahanati, akisubiri gari la wagonjwa. Gari lilikuwepo. Dereva alikuwepo. Mafuta ndiyo yalikuwa yanasubiri sahihi ya mkubwa mmoja aliyekuwa semina. Telesphor aliishia darasa la nne, lakini hesabu hiyo aliielewa bila kufundishwa, na tangu siku ile kila baya lililompata alikuwa akilifuata nyuma, hatua kwa hatua, hadi anafika kwenye meza ya mtu fulani mwenye kalamu. Mvua ikikosekana alimtafuta mwenye kalamu. Bei ya mipira ya baiskeli ikipanda, kuna mwenye kalamu. Walikuwepo kila mahali hao watu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufika mtaani kwake Misunkumilo kuonyesha sura yake.

Ila hilo la umeme lilimkuta pabaya kuliko yote, kwa sababu ya Bibi Harusi.

Bibi Harusi ni jina ambalo Theopista alimpa samaki jike mmoja aliyekuwa akiwafukuza madume wote. Kila dume likijisogeza na kutikisa mkia, jike linageuka na kulipiga pua. "Huyu mahari yake haijatimia," Theopista alikuwa akisema. Miaka yote alisubiri kuona watoto wa samaki wale na hakuwaona. Halafu mwezi wa tano mwaka huu, mwenyewe yuko kaburini, Bibi Harusi akaacha kula. Akawa amekaa pembeni nyuma ya jiwe, mdomo umefumba, koo limetuna kama la mtoto aliyeiba nyama jikoni. Telesphor akajua anakufa. Ni Salima aliyemwambia ukweli, kwa kuwa naye ni mtoto wa Ikola na ndiyo maana anamwita shemeji.

"Huyo haumwi. Ana mimba ya mdomoni. Hawa wanataga, wanayaokota mayai wanayafungia mdomoni mpaka yawe samaki kamili. Mwezi mzima hali kitu cha maana. Siku akiwatema, utaona vitoto vinatoka kama watoto wa shule kengele ikigonga."

"Na asipofika mwezi?"

"Akiingiwa na baridi au akishtuka, anaweza kuwatema kabla ya wakati. Au anawameza."

"Anawameza wanawe?"

"Hofu, shemeji. Hofu haijui mtoto."

Tangu hapo Telesphor aliishi kwa kunyata. Hakufunga mlango kwa nguvu. Hakugonga nyundo upande wa dirisha. Ilikuwa imebaki kama wiki moja hivi, na ndiyo kwanza kipupwe kilikuwa kimeshuka juu ya Mpanda, asubuhi watu wanatoka na mablanketi mabegani, na kila aliposhika kioo cha tangi alikuta hita inafanya kazi.

Jioni ile kikao kilikaa uani bila kuitwa. Nyumba ilikuwa na milango mitatu. Mmoja wa Telesphor mwenye nyumba, mmoja wa Salima anayeuza migebuka sokoni, na mmoja wa Kashinje, Msukuma mnene mwenye sauti kubwa, anayenunua mpunga Majimoto na kuuleta mjini. Mita ilikuwa moja. Kama zilivyo nyumba nyingi za hivyo, walichangia luku kwa kuhesabu taa. Kila balbu ni taa moja. Televisheni ni taa mbili. Pasi ni taa tatu, iwe inapiga nguo kila siku au Jumapili tu. Na tangi la samaki, tangu enzi za Theopista, lilikuwa taa moja.

"Taa moja!" Kashinje alianza hata kabla hajakaa. "Mzee Teles, ndani ya lile dude kuna balbu, kuna pampu, kuna na kile kichuma kinachochemsha. Halafu ni taa moja? Marehemu ndiye aliyesema taa moja, Mungu amrehemu, na marehemu alikuwa anatuletea mboga, nani angembishia? Lakini mboga zimekwisha, baba."

"Na lile spika lako linalotikisa bati?"

"Spika ni taa mbili na nalipia taa mbili! Ebo! Samaki wanaoga maji ya moto kama wageni wa hoteli, mimi mwezi wa sita naoga ya baridi mpaka meno yanaimba. Na wenyewe hata wa kula siyo."

"Kula kwako ndiyo kipimo cha kila kitu?" Salima alimkata.

"Wewe nyamaza, wewe ndiyo unauza samaki wenzao bila huruma."

Salima alicheka, na Telesphor hakucheka. Alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili.

"Tatizo siyo samaki," alisema. "Tatizo ni wale waliokaa kwenye viti vya kuzunguka wakapanga. Hebu nyie fikirini. Mnyonge mmoja akilala peke yake kwenye nyumba yake, anaitwa mnyonge. Wanyonge watatu wakilala chini ya bati moja, mita moja, tayari wamekuwa tajiri mmoja. Nani kawafundisha hesabu hiyo? Mwaka juzi nimeomba mita ya kila mlango. Nimeambiwa nisubiri. Nasubiri. Hata mke wangu alisubiri."

Kwa neno hilo la mwisho Salima aliinamisha kichwa. Lakini Kashinje naye alikuwa na watoto wawili na mke aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia.

"Mzee, hayo ni kweli tupu," alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Nenda kawaulize hao wenyewe. Ila mimi siwezi kuwazima wakubwa. Ninachoweza kuzima ni hilo dude. Tukichanga tena Jumapili na hali ni hii, mimi natafuta chumba Mwamkulu. Na siyo kwa hasira, nakwambia kabisa."

Salima hakusema anahama. Hakusema hahami pia.

Kesho yake, Kashinje na mkewe wakiwa wametoka na Salima yuko sokoni, Telesphor alifanya jambo alilokuwa akiliogopa. Alizunguka milango yote akihakikisha hakuna kinachowaka, kisha akaenda kusimama mbele ya mita. Kile kitaa chekundu kinachopepesa kadiri umeme unavyoliwa kilikuwa kinapepesa mbio mbio, kama jicho la mtu anayedanganya. Akarudi ndani, akachomoa pampu. Akaja kutazama. Mbio zile zile. Akaichomeka, akachomoa taa ya tangi. Mbio zile zile. Akachomoa hita.

Kitaa kikatulia. Kikapepesa, kikakaa, kikakaa tena, mpaka akadhani kimekufa, ndipo kikapepesa.

Alisimama pale jasho likimtoka kwenye baridi. Basi ni yeye. Usiku na mchana, tangu baridi ianze, ni hita ya Theopista iliyoivusha nyumba kule kwa wenye nacho. Mpunga wa Kashinje na migebuka ya Salima vilikuwa vikichemsha maji ya samaki wake. Aliwatafuta wenye kalamu awatwishe mzigo huo na wao, akawapata, na akawatwisha sehemu yao, maana ile hesabu ya bati moja ilikuwa bado ni hesabu ya dhuluma. Lakini baada ya kuwatwisha, mzigo uliobaki ulikuwa bado mzito, na hapakuwa na mtu mwingine uani.

Hakumwambia mtu. Aliiacha hita ikiwa imechomolewa, na wazo likamjia kutoka mbali, kutoka kwa mama yake.

Kwao Mpimbwe, kuku akichukuliwa na kicheche akaacha vifaranga msimu wa baridi, mama yake alikuwa akitia makaa ndani ya chungu, anayafunika kwa majivu mengi, anafunika mdomo wa chungu kwa kigae, anakizungushia gunia kuukuu. Vifaranga walikizingira chungu wakalala wakidhani ni mama. Walikua hivyo, vizazi kwa vizazi, na hakuna aliyewahi kununua uniti.

Telesphor alitafuta chungu cha Theopista cha maharage, akakijaza makaa na majivu, akakiweka juu ya stuli karibu na meza ya tangi, kisha akazungushia vyote viwili blanketi moja. Dirisha aliliacha wazi kidogo, asije akajiua na moshi wakasema alikufa kwa kuwapenda samaki. Baada ya muda akazamisha kiwiko ndani ya maji, kama Theopista alivyomfundisha, kama mama anavyopima maji ya kumwogeshea mtoto. Vuguvugu. Alitabasamu peke yake.

Jumatano ikapita. Alhamisi ikapita. Ijumaa Kashinje alisimama mbele ya mita, akaita, "Huyu leo kalewa nini, mbona amelala?" akaenda zake akipiga mluzi. Telesphor alikuwa anabadilisha makaa kama muuguzi anayembadilishia mgonjwa bandeji. Hakwenda mbali na nyumba. Mteja akileta baiskeli anaambiwa aje kesho. Kila alipoingia sebuleni alikwenda kwanza upande wa jiwe, anainama, anatafuta lile koo. Lilikuwepo. Limetuna. Mara nyingine, akikaza macho, aliona ngozi ya koo inacheza kidogo, kama ngoma inayogongwa kwa ndani na vidole vidogo. Alikuwa anatoka pale asijue ni furaha au ni nini.

Jumamosi upepo ulibadilika. Ulishuka kutoka juu, mkavu na mkali, ukaingia hadi kwenye misumari ya bati. Adhuhuri Telesphor alizamisha kiwiko akakitoa haraka. Maji yalikuwa yamepoa. Samaki wote walikuwa wamelala chini, mikanda yao ya njano imefifia, na Bibi Harusi alikuwa akihema kwa nguvu nyuma ya jiwe, mashavu yanafunguka na kufumba.

"Usiwateme," Telesphor alimwambia. "Subiri. Hata siku tano tu. Subiri, mama."

Alichochea makaa, akaongeza mengine, akapunguza majivu. Kisha akasogeza stuli. Chungu kilikuwa mbali na kioo kwa kiganja kizima, na kile kiganja sasa alikiona kama ndiyo mahali joto lote linapopotelea. Kuku halei vifaranga kwa mbali, analala juu yao. Akasogeza tena, mpaka tumbo la chungu likagusa kioo, likakaa kama ubavu kwa ubavu. Akafunika blanketi. Nje mtu alikuwa anabisha hodi kwa ajili ya baiskeli yake, kwa ukali, mara ya tatu sasa. Telesphor akatoka kumjibu.

Alikuwa bado anaomba radhi aliposikia. Ta! Mlio mdogo, mkavu, kama mtu aliyevunja kuni kwenye goti.

Alipovuta blanketi aliona ufa unapanda kutoka pembe ya chini, unapanda polepole mbele ya macho yake kama mjusi anayepanda ukuta, na maji yanachuruzika mezani, yanadondokea kwenye chungu na kufanya mvuke. Alisukuma stuli kwa mguu. Akabandika viganja vyote viwili juu ya ufa na kupiga kelele ambayo hakuipanga.

"Salima! Salima wee!"

Salima alikuwa uani anaparua migebuka. Aliingia na magamba mikononi, akatazama mara moja tu, akatoka mbio. Alirudi na deli lake, lile sanduku nene la plastiki la kubebea samaki na barafu, amelikumbatia kama mtu anayebeba jeneza la mtoto.

"Umeliosha?"

"Kwa maji ya moto asubuhi hii hii. Toa mikono uniache niteke maji."

"Nikitoa mikono litapasuka!"

"Shemeji, mikono yako siyo gundi."

Kashinje akajaza mlango. Alikuwa ametoka safari, vumbi la Majimoto bado kwenye nyusi. "Nini kinaungua humu?" Kisha akaona. Telesphor alisubiri tusi, au kicheko, na moyoni alikuwa ameshakubali vyote viwili. Kashinje aligeuka, wakamsikia anapekua kwenye vyombo vya kufulia, akarudi na kipande cha sabuni ya mche.

"Sogea, mzee." Akapiga goti kwenye maji, akaanza kuikandamiza sabuni ndani ya ufa kwa nje, kwa kidole gumba, akipanda nao. "Tanki la pikipiki likitoboka porini kule Kibaoni unafanyaje, unalia? Sabuni. Inakufikisha nyumbani."

"Isiingie ndani! Sabuni itawaua!"

"Haiingii. Chota, Salima, chota, hii ni ya kutufikisha tu."

Salima alichota maji ya tangi kwa bakuli hadi deli likafika nusu. Kisha samaki mmoja mmoja, pamoja na maji yake. Alipofika nyuma ya jiwe, Telesphor alinyoosha mkono.

"Usimshike!" Salima alimfokea, na siyo kwa sauti ya mpangaji. "Huyo hashikwi kwa mkono. Ukimminya tu, kwisha kazi. Tunamwendea na bakuli, taratibu, aone kama ni maji tu yanahama."

Bakuli likashuka. Bibi Harusi akarudi nyuma hadi pembeni. Bakuli likangoja. Watu watatu walikuwa wameacha kupumua, na mmoja wao amebana ufa kwa kidole gumba. Jike likageuka upande, likapiga mkia mara moja, kwa nguvu, maji yakaruka, na lilipotulia lilikuwa ndani ya bakuli. Salima akaliinamisha ndani ya deli bila hata kishindo.

Kashinje akaachia kidole. Ufa ukafunguka, na maji yaliyobaki yakaondoka kama yaliyokuwa yanangoja ruhusa.

Walipohamisha pampu na hita kwenda kwenye deli, Kashinje aliushika waya wa hita akaufuata hadi mwisho wake, akaona plagi iko sakafuni na vumbi limeanza kuikalia. Akatazama chungu. Akatazama blanketi.

"Kumbe hii ulishaizima."

"Tangu Jumatano."

"Na hukusema."

"Ningesema nini?" Telesphor alikuwa amekaa chini kwenye maji, suruali imelowa. "Kwamba nimekwenda kuangalia mita nikakuta kweli ndiyo hii? Kwamba ulikuwa unasema kweli? Haya, nimesema."

Kashinje alikuna kichwa. "Mzee, wewe ungeniita tu mjinga nikazoea. Sasa unataka kutuchoma moto kwa sababu ya kunyamaza." Akaichomeka plagi yeye mwenyewe. Kitaa kidogo cha hita kikawaka.

Walikaa palepale, hakuna aliyekumbuka kuinuka. Salima alifuta magamba kwenye kanga yake. Haukupita hata muda wa kuchemsha chai, kitaa cha hita kikazimika.

"Imekufa," Telesphor aliruka.

"Haijafa, tia kiwiko." Salima alikuwa anacheka kwa uchovu. "Maji yamefika joto, imejizima yenyewe. Deli linashika barafu ya kutoka Ikola mpaka hapa bila kuyeyuka, litashindwa kushika joto? Kioo ndicho kilikuwa kinakunywa umeme wako, shemeji."

Kashinje alitoka kwenda kutazama mita, akarudi. "Imelala," alisema. "Sasa hao wakubwa wakiona tumerudi kwenye unyonge wetu, watatushusha?"

"Kupanda walipandisha kwa usiku mmoja," Telesphor alisema. "Kushuka utaambiwa usubiri."

"Basi tusubiri tukiwa na samaki. Mimi nasema kwenye deli ni taa moja. Kwenye kioo siijui." Akamgeukia Salima. "Na wewe biashara yako utaweka wapi migebuka?"

"Nitaazima la jirani. Wiki moja tu, hawa wakitemwa nataka deli langu."

Hapo ndipo wote watatu walipokumbuka, na wakainama.

Deli lilikuwa la buluu iliyokoza, kuta zake nene zisizopitisha mwanga. Kupitia kioo Telesphor alikuwa akimwona Bibi Harusi kwa ubavu, koo lote, kila pumzi. Sasa aliona mgongo tu, mgongo mweusi mwembamba chini kabisa kwenye kona, na mkanda wa njano kama mstari wa chaki. Koo lilikuwa chini yake, kwenye giza. Kashinje aliwasha tochi ya simu, jike likashtuka likajibanza zaidi, na Salima akampiga kofi mkononi mpaka simu nusura itumbukie.

"Zima! Unataka amalize kazi?"

"Nilitaka kuona tu."

"Hakuna kuona. Kumwona mpaka umwinue, na ukimwinua ndiyo umemtisha."

Telesphor alikumbuka lile pigo la mkia ndani ya bakuli, maji yalivyoruka. Alijaribu kukumbuka kama mdomo ulifunguka wakati ule. Aliona ulifunguka. Kisha akaona haukufunguka. Alimtazama Salima, na Salima, mtoto wa Ikola, akatikisa kichwa kwamba hajui. Mkanda wa njano ulitulia kule chini bila kusogea hata kidogo.

Kashinje alipiga magoti tena, mikono nyuma kama mtu aliye kanisani, pua ikikaribia kugusa maji, na lile sauti lake kubwa akalibana hadi likawa mnong'ono.

"Mzee Teles, bado anao mdomoni, au ameshawameza?"